Dosie ya Muzee wa Kibati

Papa na mama wa shirika, jumuiya yetu hii ya sala, na ninyi vijana wenye kuegemea ukuta kule, ninawasalimu. Mama kiongozi aliniomba niseme dakika kumi. Nilimwambia dakika kumi hazitatosha, akanijibu basi nianze tu. Sitataja jina la mutu. La kwangu munalijua. Kwa wale wapya, mimi ni mutu wa hapa Mabanga, muji wa Goma, wazazi wangu walitoka upande wa Bukavu, bibi yangu, mama wa watoto wangu, ni yule mwenye kuuza unga wa muhogo pale kwenye kona, na zamani nilikuwa karani wa parke.

Parke, kwa watoto wenye hawajui, ni ofisi ya majistra wenye kushitaki watu mbele ya tribinali. Mutu akikamatwa analetwa pale, majistra anamuuliza maswali, na akiona vema amufunge, anaandika karatasi yenye kuitwa manda. Ile manda inamupeleka gerezani hata kama bado hajahukumiwa na mutu yeyote. Lakini manda ina siku zake. Siku zikiisha, dosie yake, ni kusema makaratasi yote ya kesi yake, inapaswa kufika mbele ya juji, mwenye kuhukumu. Juji anaweza kusema abaki ndani tena mwezi. Ao anaweza kusema aende nyumbani kwa liberte ya muda, aweke dhamana, awe anakuja kujionyesha hadi siku ya hukumu. Juji hawezi kusema neno juu ya dosie yenye haijafika kwenye meza yake. Na mwenye kuifikisha kule nilikuwa mimi.

Miaka kumi na ine nilifanya ile kazi. Nilikuwa na meza, kiti, na chumba chenye dosie zimepangwa chini, kwa sababu kabati ilijaa kabla yangu. Mushahara ulikuja wakati ulipenda. Sisemi hivi ili munihurumie, ninasema ili mujue namna ilianza. Familia ya mufungwa ilikuja, ikasema, "Papa karani, tusaidie dosie ifike." Nilijibu, "Sawa, lakini nipate pesa ya fanta." Mwenye kutoa ya fanta, dosie yake ilipanda juu ya meza. Mwenye hana, yake ilibaki chini. Sikuchana karatasi ya mutu hata siku moja. Sikuchoma kitu. Niliacha tu. Jioni nilirudi nyumbani na mukate, na siku ya Mungu nilisoma somo la kwanza kanisani. Kuna watu hapa walinipongeza kwa sauti yangu.

Kulikuwa mama mumoja wa Kibati. Alikuja kwa miguu, na mbele ya kuingia ofisi alivua viatu vyake vya plastiki akaviacha kwenye mulango, kwa sababu vilikuwa na matope. Nilicheka ndani yangu. Kiswahili chake kilikuwa kizito, alizoea Kinyarwanda. Akasema, "Papa, muzee wangu, bwana yangu, amefungwa. Walisema siku kumi na tano. Sasa tuko mwezi wa tatu."

Nikamwambia, "Mama, utarudi wiki ijayo."

Alirudi wiki ijayo, na ingine. Mara ya ine akaleta kabichi tatu ndani ya kitenge. Ndugu zangu, nilipokea zile kabichi. Tulizila nyumbani. Na dosie ya muzee wake sikuigusa, nikijiambia kama kabichi si kitu cha kumusumbua juji. Ilikuwa dosie ya rangi ya kijani, chini ya dirisha, pahali mvua ilikuwa inaingia kidogo. Nilijua vizuri pahali iko. Hilo muliweke akilini mukinisikiliza, kwa sababu mutu akisema dosie imepotea, mara nyingi kuna mwenye kujua pahali iko.

Sasa ninakuja kwa kuanguka kwangu. Katika kiwanja cha ofisi kulikuwa pikipiki mupya yenye ilikamatwa katika kesi ya watu wawili. Asubuhi moja haikuwa pale. Watu watatu tulikuwa na ufunguo wa lile lango. Mumoja alikuwa na ndugu mukubwa serikalini. Wa pili alikuwa mugonjwa hospitalini wiki nzima. Nikabaki mimi. Ninaapa mbele yenu, ile pikipiki sikuiuza na sikujua mwenye aliiuza. Lakini majistra alipouliza watu wa ofisi kama mimi ni mutu wa kupokea pokea, nani angekataa? Walisema ukweli. Nilikuwa mutu wa kupokea.

Majistra mwenyewe nilikuwa ninamuletea chai. Nilisimama mbele yake kama wengine walivyokuwa wanasimama, nikasema, "Majistra, unanijua."

"Ninakujua," akasema. "Ndiyo sababu siwezi kukuacha. Watu watasema tunafichana."

"Nina watoto."

"Ni siku kumi na tano tu, papa. Dosie yako itaenda mbio."

Alikuwa anaandika akisema, hakuinua macho. Na maneno yale yalikuwa ya kwangu. Niliyasema kwa watu hesabu siijui. Siku kumi na tano tu, mama. Dosie itaenda mbio, papa. Nikasaini pale alinionyesha.

Gereza letu munalijua kwa inje. Wengi wenu mumesimama pale na sufuria mukingoja kuitwa. Ndani, watu wamejaa mara nyingi kupita ile hesabu ya wenye kulijenga. Chakula ni vungure, mahindi na maharagi vimechemshwa pamoja, mara moja kwa siku, na kuna siku haifiki. Kuna mufungwa mwenye kutawala wengine, wanamwita kapita. Kapita ndiye anagawa pahali pa kulala. Mwenye familia yake imeleta kitu anapata kipande cha godoro. Mwenye hana anakaa, magoti kwa kidevu, mugongo wake kwa magoti ya mwenzake, hadi kunakucha. Kuna wenye kufa. Sitaki kuzunguka hilo neno. Asubuhi munaamuka, mumoja haamuki, na mwenye alikuwa nyuma yake anasema tu, "Huyu amepoa." Wiki yangu ya kwanza nilisikia neno hilo mara mbili.

Siku ya kwanza kapita aliniuliza kazi yangu. Nilikuwa nimekwisha kufikiri. Mutu wa parke mule ndani, pamoja na watu wenye parke iliwatupa, hawezi kuvuka wiki. Nikasema, "Ninauza unga pamoja na bibi yangu."

"Unga umekuleta hapa?"

"Mambo ya pikipiki," nikasema.

Akanionyesha pembe ya nyuma, karibu na choo. Hapakuwa na nafasi hata ya kusimamisha muguu. Nilisimama pale nikishika mufuko wangu wa plastiki. Ndipo muzee mumoja, mwembamba, mwenye koti la zamani la sufu, akavuta magoti yake, akapiga sakafu kwa mukono, mara mbili, kama mutu anamukaribisha mugeni kwa kiti. Nikakaa.

Siku kumi na tano zikapita. Bibi yangu alienda ofisini kuuliza juu ya dosie yangu. Kwenye meza yangu walikuwa wameweka karani mupya, kijana mwenye nilimufundisha kazi mimi mwenyewe. Akamwambia, "Mama, utarudi wiki ijayo." Akarudi. Kijana akamuomba ya fanta. Bibi yangu alipata, akatoa, na bado dosie haikutembea, kwa sababu wakubwa hawakutaka kuonekana wanamuhurumia mutu wao. Mwezi ukapita, wa pili ukaingia. Musichana wetu mukubwa akaacha shule ili aangalie duka wakati mama yake anazunguka. Bibi yangu aliniambia hilo kwenye chuma cha mulango, akitazama pembeni.

Yule muzee mwenye koti alinifundisha kuishi mule. Kula polepole. Usinywe maji ya pipa mbele ya kuyaacha yatulie. Ukisikia kikohozi cha damu, geuza uso. Aliniambia yeye ni mulimaji wa Kibati, alikuwa na ng'ombe wawili, akanunua wa tatu kwa kijana mumoja sokoni, na kumbe ng'ombe alikuwa ameibwa. Wenyewe wakaja na polisi. Kijana akapotea, yeye mununuzi akafungwa.

"Tangu lini, muzee?"

"Mwaka na miezi miwili. Manda yangu ilikuwa ya siku kumi na tano. Juji hajaniona. Bibi yangu ameenda pale hadi amechoka, wanamwambia dosie imepotea."

Nikamuuliza jina lake lote. Alilitaja. Nililiona limeandikwa kwa wino wa bleu juu ya karatasi ya kijani, na muandiko ulikuwa wa mukono wangu.

Mungeniuliza, ulifanya nini? Sikufanya kitu. Nilisema, "Pole, muzee," nikageuka upande wa ukuta. Wiki tano nililala nyuma ya magoti ya yule mutu, nikala vungure yake wakati yangu ilinyang'anywa, na sikusema. Siku ya wageni nilijificha kwa choo, kwa sababu nilijua mama wa viatu vya plastiki atakuja.

Halafu nikashikwa na homa. Sikuweza kutembea hadi choo, wala pahali pengine. Muzee akanifunika na lile koti. Siku ya wageni ikafika nikiwa nimelala palepale. Wakati ule waliruhusu wamama wachache waingie hadi kwenye kiwanja, na muzee alinibeba, mimi na kilo zangu, akaniweka juani karibu naye ili bibi yake anipe uji wa mutama. Nikafungua macho, nikamuona mama yule ananitazama. Alinitambua. Nilijua amenitambua kwa sababu mukono wake wenye kikombe ulisimama hewani.

Muzee akamwambia kwa Kinyarwanda, "Mupe, ni mugonjwa."

Akanipa. Alishika kikombe hadi nikamaliza, akakipanguza, akakirudisha ndani ya kitunga. Hakusema neno kwa bwana yake, wala kwangu. Akaaga, akaenda.

Nawaambia kweli, wapendwa, kama angenitukana, pengine ningejitetea, na leo ningekuwa bado ninajitetea. Siku tatu nilimungoja amwambie muzee kupitia mutu mwingine. Hakuna neno. Siku ya ine homa ilishuka. Asubuhi, tukiwa kwenye mustari wa maji, muzee mbele na mimi nyuma, nikasema, "Muzee, mimi siuzi unga. Mimi nilikuwa karani wa parke. Bibi yako alikuja kwangu mara ine. Dosie yako haikupotea. Mimi niliiacha."

Hakugeuka. Mustari ukasogea, naye akasogea. Nikafikiri hakusikia. Kisha akauliza, "Iko wapi?"

"Chini ya dirisha, upande wa kushoto. Ya kijani. Kuna zingine juu yake."

"Na kabichi?"

"Tulikula."

Akajaza kopo lake, akaenda. Niliporudi kwenye pembe yetu, magoti yake yalikuwa yamenyooshwa. Nafasi yangu haikuwapo tena. Nilisimama hadi mutu mwingine alipohama. Siku sita hakunisemesha. Sikumulaumu. Siku ya saba akanifuata kiwanjani na karatasi mbili na kalamu ya bic, sijui alizitoa wapi. Akasema, "Wewe unajua maneno ya kumuandikia juji. Andika ya kwangu."

Niliandika nikiwa nimepiga magoti, karatasi juu ya jiwe. Niliandika siku ya manda, siku ilikwisha, kifungu cha sheria, na pahali dosie iko, hadi rangi yake. Mwishoni niliomba apewe liberte ya muda kwa dhamana, kwa sababu ni mutu mwenye nyumba, mwenye shamba, hawezi kukimbia. Kijana mumoja alikuwa anatazama. Akasema, "Na yangu." Siku ile niliandika tatu, kesho yake ine. Zilifika kumi na mbili. Bibi yangu alizificha chini ya sahani, akazipeleka kwa avoka mumoja, mama wa parokia mwenye kutetea wafungwa mbele ya juji bila kulipwa. Sikumufahamu. Bibi yangu alienda kugonga mulango wake tu.

Lakini mutu mwenye kuandika vizuri hivyo anaulizwa amejifunzia wapi. Yule kijana wa kwanza akaniuliza mbele ya watu, "Wewe muuza unga, unajuaje vifungu?" Nilikuwa nimechoka kusema uongo. Nikasema, "Nilikuwa kule." Nyumba nzima wakaniingia kwa ngumi na mateke. Kidole hiki, munaona hakinyooki, ni cha siku ile, na meno mawili upande huu. Sikupiga kelele muda mrefu, sikuwa na pumzi. Muzee wa Kibati alipita katikati yao na lile koti lake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mumuache. Barua yangu bado haijajibiwa. Akifa, nani ataandika ya pili?"

Waliniacha. Siwezi kuwaambia kama alinihurumia. Labda alisema tu kile alifikiri. Lakini tangu siku ile nilipata pahali pa kukaa.

Avoka alifanya kazi. Alienda na barua zile ofisini pamoja na padri wa parokia, akaomba wafungue chumba, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha. Dosie ya kijani ilikuwa palepale, pembe moja imeoza na maji, lakini inasomeka. Kisha juji akakubali kuja gerezani mwenyewe, wakaweka meza katika chumba cha direkteri wa gereza, wakaita mumoja mumoja. Muzee aliingia dakika chache. Alitoka akaketi karibu nami.

"Ameniuliza kama nitakimbia," akasema. "Nimemujibu, nitakimbia niende wapi? Amenipa liberte. Nilipe dhamana kwanza."

Watu saba walipewa siku ile. Mimi nilingoja tena wiki mbili, nikapewa. Na hapa, ndugu zangu, ninafika kwenu. Dhamana yangu mulilipa ninyi. Bibi yangu alisimama katika shirika hili, sikuwapo, lakini niliambiwa hapakuwa hata mutu mumoja wa kuuliza nina kosa ao sina. Nikatoka.

Muzee alibaki. Liberte ilikuwa imesainiwa, lakini dhamana haikulipwa. Mutu wa Kibati mwenye nyumba yake imeuza ng'ombe wawili kwa kumulisha gerezani mwaka mzima, atoe wapi tena? Siku nilitoka aliniangalia nikivaa viatu. Akaniambia, "Sasa uko inje. Tutaona wewe ni mutu gani."

Hilo ndilo neno lilinigeuza. Nilipofika kwenye njia kubwa, nikasikia pikipiki na muziki wa maduka, mwili wangu ulitaka jambo moja, kwenda mbali na ile nyumba na kusahau. Mupaka wa Gisenyi uko pale, munajua, ni kutembea tu. Kuna mutu wa familia alinishauri nivuke, niende Uganda. Bibi yangu alisema tu, "Wale wamama wa shirika walitoa kwa jina lako."

Sikuvuka. Juji aliniwekea masharti. Nisitoke katika muji wa Goma, na kila Jumanne na kila Ijumaa nije kujionyesha parke na kusaini. Nilienda. Nilisimama kwenye mustari pamoja na wengine, mbele ya meza yangu ya zamani, na kijana mwenye nilimufundisha akaniambia ningoje. Nilingoja. Kuna siku nilingoja hadi saa nane kwa saini moja. Wakati ule ndipo niliona nyuso za watu wenye kungoja. Miaka kumi na ine nilikuwa upande wa pili wa ile meza, na sikuziona.

Jumatano, siku moja kabla ya shirika kukutana, nilimuambia bibi yangu yote, dosie, kabichi na siku za choo. Hakunifariji. Siku ya shirika nikasimama hapa, munakumbuka, na nikaomba tena, si kwa ajili yangu. Niliwaambia kuna muzee mwenye ameachiliwa na juji na anaozea ndani kwa dhamana. Kuna papa mumoja alisema kwa haki kabisa kama shirika si benki. Lakini mama wa tatu kutoka mulango, sitamutaja, anajijua, alifungua kitambaa chake cha pesa kwanza. Avoka kwa upande wake akaomba juji apunguze, akapunguza. Ilichukua wiki ine. Katika zile wiki ine mvua ilinyesha sana, na gereza lile linavuja, na muzee alianza kukohoa.

Siku alitoka nilikuwa kwenye lango. Bibi yake alikuwa amekuja na ndugu wawili na kiti cha mbao chenye wamefunga miti miwili, kwa sababu walisikia hawezi kutembea. Kweli hakuweza. Niliwasaidia kumubeba. Nilitaka kuwafikisha nyumbani, lakini Kibati iko inje ya muji, na sharti langu lilikuwa nisitoke. Nilifika nao hadi kizuizi cha mwisho kwenye njia ya Rutshuru. Nikawaambia siwezi kuvuka. Muzee akaelewa haraka. Akasema, "Rudi. Wasikurudishe ndani kwa ajili yangu."

Aliishi wiki tano nyumbani kwake. Alilala kwenye kitanda chake, akala mboga za shamba lake, wajukuu wakaingia na kutoka. Kisha alikufa. Mapafu yalikuwa yamekwisha.

Nilipopata habari, niliandika barua kuomba ruhusa ya siku moja, niende kwa maziko. Niliipeleka asubuhi mapema. Karani akasema majistra hayuko, niache. Niliacha. Walimuzika kesho yake. Ruhusa yangu ilisainiwa siku tisa nyuma ya maziko. Bibi yangu alienda kwa nafasi yangu, akarudi na vumbi la njia kwa miguu, akasema walikuwa watu wengi, na mama yule aliuliza, "Karani yuko wapi?" Akamujibu. Mama akasema, "Sawa."

Kesi yangu ilikwisha mwaka mwingine. Pikipiki ilipatikana Butembo, na mwenye kuiuza akajulikana, hakuwa mimi. Waliniita, wakaniambia hakuna maneno tena juu yangu. Dhamana mulirudishiwa sehemu, yote hapana, na munajua nimekuwa ninalipa ile ingine kidogo kidogo. Kazi sikurudishiwa na sikuiomba. Ninauza unga kweli sasa. Musichana wetu alirudi shule akiwa mukubwa kuliko wenzake darasani, na bado ananijibu kwa kifupi. Ninamuacha. Ana haki.

Mutu wa haki kabisa juu ya pikipiki, na mwenye kosa kabisa juu ya muzee wa Kibati, ni mutu mumoja, na ndiye anasimama hapa. Kwa lile kosa la pili hakuna juji aliniita. Hakuna karatasi yenye kulitaja. Ndiyo sababu ninalitaja mimi.

Mwaka jana, wakati wa mahindi mabichi, mama yule alikuja nyumbani kwetu. Bibi yangu akamuwekea kiti. Nilianza kusema maneno niliyotayarisha miaka mingi, akainua mukono.

"Sikuja kwa hayo," akasema. "Siko tayari kwa hayo. Mutoto wa dada yangu amefungwa tangu mwezi uliopita. Wanasema manda imekwisha. Uandike."

Nikaandika. Alikaa pale hadi nikamaliza, akaomba nimusomee, nikamusomea, akaniambia nibadilishe sentensi moja kwa sababu mutoto si mulevi, nikabadilisha. Kijana alitoka wiki mbili nyuma ya ile barua. Tangu wakati ule mama ananiletea watu. Wanakuja na karatasi zimekunjwa ndani ya vitenge, wanasema, "Tumetumwa na mama wa Kibati."

Ninawashukuru. Ninamushukuru bibi yangu mwenye alitembea kwa ajili ya mutu mwenye hakustahili kutembelewa. Ninamushukuru avoka, ninyi wamama wa vitambaa, na hata yule papa mwenye alisema shirika si benki, kwa sababu baada ya kusema hivyo alitoa. Muzee siwezi tena kumushukuru kwa masikio yake.

Neno langu kwenu ni fupi. Mwenye ana mutu ndani, asikubali kuambiwa dosie imepotea. Aulize ilionekana lini, na nani, pahali gani. Asome tarehe ya manda, ahesabu siku, asingoje kuhurumiwa. Na mwenye kufanya kazi katika ofisi yoyote, ya serikali, ya shule, ya hospitali, ya parokia yetu hii, kesho akifika, mbele ya kuketi, ainame atazame kile kiko chini kabisa. Kuna mutu anaishi ndani ya ile karatasi, na siku zake zinahesabika.

Nimemaliza. Wengine mutaimba sasa. Mimi nitakaa pale nyuma karibu na mulango, na mwenye ana karatasi ya mutu wake anaweza kuja nayo hata wakati wa wimbo. Mungu hatakasirika.